Somo: Jinsi ya Kupima Filamu Iliyoteuliwa Kuwania Tuzo Kabla ya Kuilipia

Kila mwaka wateule wa tuzo za Oscar wanapotangazwa, wengi wetu huhesabu filamu ipi imeteuliwa mara nyingi zaidi, kisha tukainunulia tiketi hiyo hiyo. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, hadi siku nilipolipia tiketi nne za familia kwa filamu ya mazungumzo matupu ambayo tungeifurahia zaidi sebuleni, na wiki hiyo hiyo nikaikosa filamu iliyohitaji hasa kutazamwa ukumbini. Tangu hapo ninafuata utaratibu huu, na nitauelezea kwa mifano ya sherehe ya 96 iliyofanyika tarehe 10 Machi 2024.

Hatua ya 1: Soma kipengele, usihesabu idadi

Kipengele ni kundi la tuzo, kama uigizaji au sauti, na wanaopiga kura ni wanachama wa Academy, chama cha wanafilamu kinachotoa tuzo hizi. Ni muhimu kujua nani humteua nani. Kwa kawaida, waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, na wapiga picha huteua wapiga picha wenzao. Filamu bora ya mwaka ndiyo ambayo wanachama wa fani zote hushiriki kuiteua. Duru ya mwisho ni tofauti, kwa sababu humo mwanachama wa fani yoyote anaweza kupiga kura hata katika kipengele kisicho cha fani yake. Ndiyo maana, kwangu mimi, uteuzi katika kipengele cha ufundi ni ushahidi mzito kuliko ushindi wenyewe, maana ni fundi anayeitambua kazi ya fundi mwenzake.

Hatua ya 2: Kipengele kikuonyeshe mahali pa kulipia

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo naomba tuende polepole. Filamu iliyoteuliwa kwa upigaji picha, sauti au athari za picha (mandhari na matukio yanayotengenezwa kwa kompyuta au mbinu maalumu) hudai kioo kikubwa na spika nzuri. Iliyoteuliwa kwa uigizaji au uandishi wa muswada peke yake haipotezi kitu kikubwa ukiikodi na kuitazama nyumbani.

Filamu ya Oppenheimer iliteuliwa katika vipengele 13 na kushinda 7, vikiwamo upigaji picha, uhariri na muziki. Ilipigwa kwa utepe mpana wa filamu wa milimita 65, na anayeitazama kwenye simu anapata hadithi bila kupata kazi iliyotuzwa. Hata hivyo, tuzo ya sauti haikwenda kwake. Ilikwenda kwa The Zone of Interest, filamu tulivu isiyo na vita wala magari yanayofukuzana, inayohusu familia ya mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, iliyojenga maisha yake kando ya ukuta wa kambi hiyo. Wanaouawa ng'ambo ya ukuta huwaoni. Unawasikia, pamoja na milio ya risasi na mngurumo wa mbali usiokoma, huku mama wa nyumba akitunza maua yake. Mtu anayeamini kwamba ukumbi ni kwa ajili ya filamu za milipuko pekee angeiacha hii, na angekuwa amekosea sana.

Kinyume chake ni Anatomy of a Fall ya Ufaransa, iliyoshinda kwa muswada asilia. Nguvu yake imo katika maneno yanayosemwa mahakamani, nayo huhifadhika vizuri hata kwenye televisheni ndogo.

Hatua ya 3: Angalia ilitoka lini

Filamu inayotajwa Januari huenda ilitoka miezi mingi kabla. Oppenheimer ilianza kuonyeshwa Julai 2023, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa tayari inakodishwa mtandaoni. Ukumbi ukiirudisha baada ya uteuzi, jiulize kama kipengele chake kinastahili tofauti ya bei.

Hatua ya 4: Tenga sehemu ya fedha kwa filamu fupi na za makala

Hizi hazikai ukumbini kwa muda mrefu, na ndizo ambazo mara nyingi hutuhusu zaidi. Mwaka 2018 Watu Wote, filamu fupi yenye mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali, iliteuliwa kwa kusimulia jinsi abiria Waislamu walivyowakinga wenzao Wakristo basi lao liliposhambuliwa karibu na Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mwezi Desemba 2015. Mwaka 2024 filamu ya makala kuhusu Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa Uganda, nayo ikateuliwa. Zote mbili hazikushinda. Ukisikia filamu ya namna hii inaonyeshwa mjini kwako, hata kwa jioni moja katika kituo cha utamaduni, nenda, kwa kuwa huenda isirudi.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Morogoro: Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu filamu za kigeni tunazitazama katika mabanda ya video, nyingi zikiwa zimewekewa sauti ya mtafsiri. Je, somo hili linatufaa?

Jibu: Marahaba. Linawafaa, ila anzeni na filamu za uigizaji na muswada. Ninawaheshimu watafsiri wetu, kwa kuwa wamewafikishia filamu watu wengi ambao wasingezielewa. Hata hivyo, filamu iliyoteuliwa kwa sauti isitazamwe kwa njia hiyo, kwa maana sauti ya mtafsiri hufunika kitu kile kile kilichoteuliwa. Ni afadhali kuikodi yenye manukuu na kuvaa spika za masikioni.

Mwanachama wa Mombasa: Nina watoto wa miaka 9 na 13. Je, filamu ikiteuliwa ina maana kwamba inawafaa?

Jibu: Hapana, dada yangu. Uteuzi hausemi lolote kuhusu umri. Kwa Kenya, tazama alama ya bodi ya uainishaji wa filamu: GE ni ya watu wote, PG huhitaji uangalizi wa mzazi, kisha kuna 16 na 18. Hata filamu ya katuni iliyoteuliwa ihakiki kwanza.

Mwanachama wa Arusha: Ndugu mwandishi, Killers of the Flower Moon iliteuliwa mara 10 na haikushinda hata tuzo moja, nayo ina dakika 206. Ungeilipia?

Jibu: Ningeilipia bila kusita. Kutoshinda hakunisumbui, The Shawshank Redemption iliteuliwa mara 7 mwaka 1995 ikarudi mikono mitupu, na leo inapendwa kuliko filamu nyingi zilizoshinda. Swali gumu hapa ni urefu. Upigaji picha wake uliteuliwa, kwa hiyo kwa mujibu wa hatua ya pili ni ya ukumbini. Hata hivyo, uteuzi ulionivuta zaidi ni wa Lily Gladstone, Mwenyeji wa asili wa Marekani wa kwanza kuteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike, na kazi yake imo katika ukimya na macho, ambayo mtu aliyechoka hawezi kuifuatilia. Kama unaweza kukaa saa tatu na nusu bila kuhangaika, nunua tiketi ya onyesho la mchana. Kama huwezi, ikodi na uigawe kwa jioni mbili.