Madaftari yabaki shuleni

Walimu wenzangu wa Kisumu, nimepanda matatu ya Kondele miaka mingi nikiwa nimepakata mfuko wa madaftari. Siku moja nikapiga hesabu: insha 60, dakika 5 kila moja, ni saa 5 nzima. Usiku gani una nafasi hiyo, na ugali haujasongwa? Sasa nasahihisha insha 12 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja baada ya vipindi, hapo hapo shuleni. Mazoezi mafupi wanafunzi hubadilishana madaftari na kusahihishana darasani. Kundi la wazazi la WhatsApp nalizima sauti saa kumi na mbili jioni. Mzazi mmoja alininunia wiki nzima, kisha akazoea.