Mkono usiochomwa sindano

Kila muuguzi mpya anayeletwa wodi yetu ya upasuaji hapa Tanga, namwambia kwanza akunje mkono wa shati, ajionee mahali daktari anapotoa ngozi ya kuziba pengo la ulimi uliokatwa. Geuza kigasha cha kushoto, kiganja kitazame juu.

Weka vidole viwili karibu na kifundo, upande wa gumba. Panapodunda ndipo ilipo ateri ya radiali, mshipa unaoleta damu mkononi kutoka moyoni. Kunja kifundo kidogo, utaona kano iliyo jirani nayo imechomoza. Ukipanda kuelekea kiwikoni, ateri inazama kati ya msuli wa kano hiyo na ule mnene wa upande wa gumba. Baina ya misuli hiyo kuna utando, na ndani yake vinapita vijishipa vinavyotoka kwenye ateri kwenda kuilisha ngozi. Mimi jambo hili bado linanishangaza: daktari akiinua ngozi, utando na ateri kwa pamoja, kisha akaunganisha mishipa yake shingoni, kipande kile kinaishi mdomoni mahali pa ulimi uliokatwa kwa saratani. Madaktari wa China waliieleza njia hiyo mwaka 1981.

Lakini ateri hiyo ikishaondolewa, kiganja nacho kitalishwa na nani? Na ateri ya ulna, ya upande wa kidole cha mwisho. Ipime kabla. Mgonjwa akaze ngumi, wewe ubane ateri zote mbili. Afungue vidole taratibu, asivinyooshe mno. Kiganja kitakuwa kimepauka. Achia ya ulna peke yake, uhesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde chache. Ukifika kumi bado kimepauka, mwite daktari. Mvuvi au mkata mkonge ana sugu, kwa hiyo mtazame kwenye kucha.

Kuna mzee mmoja kutoka Pongwe, mwenzetu alimwekea dripu kwenye mkono huohuo uliochaguliwa kutolewa ngozi. Vena ya upande wa gumba, mshipa unaotegemewa kurudisha damu kutoka kwenye kipande kile, ikavimba ikawa ngumu kama kamba ya katani. Upasuaji ukaahirishwa, naye kula kulikuwa kumeshamshinda. Niliumia sana.

Tangu hapo, mkono ukishachaguliwa nabandika plasta kigashani na kuandika kwa herufi kubwa: USICHOME, USIPIME PRESHA. Ndugu anayemuuguza namwonyesha pia, maana usiku yeye ndiye anayekesha naye.