Deki ya Blu-ray: namna ya kuichagua, na namna ya kuitafutia hitilafu kabla hujashika bisibisi

Deki nyingi za Blu-ray zinazoletwa mezani kwangu hapa Dar es Salaam ni nzima. Nyingine zimewekewa diski zisizoziweza, nyingine zimefungwa waya uliochoka, na nyingine zimeguswa mpangilio mmoja tu kwenye menyu. Lakini mwenye deki ameshaambiwa huko alikopita kwamba lenzi imekufa, na wakati mwingine ameshailipia. Hili linaniuma kwa sababu deki hizi zinazidi kuadimika: Oppo waliacha kuzitengeneza mwaka 2018, Samsung wakatangaza mwaka 2019 kwamba hawatoi modeli mpya kwa soko la Marekani, na LG nao wakafuata mwaka 2024. Deki nzuri uliyonayo leo itunze, na kama bado hujanunua, nunua kwa akili.

Kanuni yangu ni moja, kwenye kununua na kwenye kutafuta hitilafu: anza na diski, deki baadaye.

Hatua ya 1: Zitandaze diski zako mezani

Kabla hujauliza bei ya deki yoyote, angalia unachotaka kukitazama. Diski ya Blu-ray ina nembo yake juu ya kava, na picha yake ina mistari 1080 (mistari ikiwa mingi, picha huwa kali zaidi). DVD ina mistari 576 au 480. Diski za 4K zimeandikwa "Ultra HD" na zina mistari 2160. Zile diski za mtaani zenye filamu kumi au kumi na mbili kwenye diski moja ni DVD, tena picha imebanwa mno ili zote zienee. Deki ya Blu-ray itazicheza na kuzinyoosha zijaze skrini, lakini haiwezi kurudisha kilichokwishatupwa. Kama kabati lako lote ni diski za aina hiyo, nakushauri kwa moyo mweupe: usinunue Blu-ray. Deki ya kawaida ya DVD inakutosha.

Ukishajua una Blu-ray, tazama ukanda wake nyuma ya kava. Blu-ray ina kanda tatu. A ni Marekani zote mbili, Kaskazini na Kusini, pamoja na Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Afrika, Ulaya, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. C ni Uhindi, China, Urusi na majirani zao. Diski iliyofungwa ukanda A haichezi kwenye deki ya B hata ukiisafisha mpaka ing'ae. Skrini itakuandikia kwamba ukanda si sahihi, basi. Diski za 4K zenyewe hazina ukanda, ila angalia: kwenye kava lake mara nyingi huwemo na diski ya Blu-ray ya kawaida, na hiyo inaweza kuwa imefungwa.

DVD zina hesabu nyingine kabisa, za namba. Sisi tuko namba 5, Uingereza na nchi za Ghuba wako 2, Marekani na Kanada 1. Ndiyo maana deki ya kutoka London inacheza Blu-ray zako vizuri halafu inakataa DVD uliyonunua hapa. Kwenye deki nyingi ukanda wa DVD hufunguliwa kwa namba za rimoti. Ukanda wa Blu-ray ni mgumu, mara nyingi unataka kifaa cha ziada ndani, kwa hiyo usinunue deki kwa ahadi ya "tutakufungulia".

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha chini

Ndugu walio nje hupenda kututumia deki. Ikitoka Uingereza au Oman, umeme ni ule ule wetu wa volti 230 hadi 240, plagi ni ile ile ya pini tatu za bapa, na ukanda ni B. Inafika, unachomeka, unatazama. Ikitoka Marekani au Kanada, igeuze kwanza usome. Ikiwa imeandikwa "AC 120V 60Hz" peke yake, ukiichomeka ukutani moja kwa moja unaua sehemu ya umeme papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha, na kwa kuwa deki hizi hazili umeme mwingi, transfoma ya wati 100 inatosha. Ikiwa imeandikwa "100-240V", badilisha plagi tu. Lakini hata umeme ukikubali, ukanda wake bado ni A. Aliye Minneapolis au Toronto na anataka kumfurahisha mama yake Tanga, amtumie deki pamoja na diski za huko huko.

Hatua ya 3: Itazame TV yako kwa haki

Kwa TV ya chogo, Blu-ray ni hasara. Deki zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2014 hazitoi kabisa picha kwenye zile waya za njano, nyekundu na nyeupe. Vile viboksi vya kugeuza HDMI kuwa AV mara nyingi hugoma kwa sababu ya ulinzi wa nakala uliomo kwenye HDMI, na hata vikikubali, TV yenyewe haina mistari ya kuonyesha.

Flati ya inchi 32 nyingi zina mistari 768. Tofauti na DVD utaiona, hasa kwenye nyuso na maandishi madogo, lakini hakuna sababu ya kulipia deki ya 4K. Kuanzia inchi 43 yenye mistari 1080 kamili ndipo Blu-ray inapojieleza yenyewe. Deki ya 4K nunua tu kama TV ni ya 4K, na uhakikishe tundu la HDMI utakalotumia linapokea HDCP 2.2, yaani ule ulinzi wa nakala unaotumika kwa 4K. Kwenye TV nyingine ni tundu moja tu kati ya matatu linaloikubali.

Watu wengi huniuliza kuhusu PlayStation. PS3 inacheza Blu-ray, DVD na CD za muziki. PS4 inacheza Blu-ray na DVD, lakini haichezi CD wala diski za 4K, hata ile ya Pro. PS5 yenye mdomo wa diski inacheza za 4K. Zote zina ukanda kama deki nyingine. Nyumba yenye vijana wa gemu, hilo ni chaguo zuri sana.

Hatua ya 4: Jaribu kabla hujatoa hela

Nenda na diski tatu zako mwenyewe: CD ya muziki, DVD, na Blu-ray ambayo una hakika inacheza. Usikubali kuonyeshwa dakika mbili za mwanzo. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na lenzi iliyochoka husoma mwanzo vizuri halafu ikakwama mbele. Ruka mpaka sura ya mwisho ya filamu. Kisha rudi katikati ya filamu, uache iende.

Dai rimoti. Deki nyingi zina vitufe vitatu tu usoni, na bila rimoti huwezi kufika kwenye mipangilio ambayo nitaitaja hapa chini.

Sasa tuje kwenye hitilafu. Fuata mpangilio huu huu, usiruke.

Hatua ya 5: Diski haisomi? Jibu liko kwenye zile diski tatu

Ndani ya lenzi mna miale mitatu ya leza: ya CD, ya DVD na ya Blu-ray. Ikicheza CD na DVD lakini ikakataa kila Blu-ray, mota ni nzima na ubao ni mzima. Tatizo ni uchafu kwenye lenzi, au leza ya buluu imechoka. Vumbi dogo huiangusha Blu-ray kwanza kwa sababu njia zake za data ni nyembamba kuliko za DVD kwa zaidi ya nusu. Ikikataa zote tatu na husikii diski ikizunguka, fikiria mota au ubao. Na ikikataa Blu-ray moja tu huku nyingine zikicheza, iache deki, shughulika na diski hiyo.

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Na hapa naomba sana: msizisugue Blu-ray kwa dawa ya meno. Kwenye DVD data imelala milimita 0.6 chini ya uso, kwa hiyo pana nafasi ya kung'arisha. Kwenye Blu-ray ni milimita 0.1 tu, juu yake kuna utando mgumu wa kinga. Ukiusugua unaondoa kinga yenyewe.

Jambo la huku pwani: deki ikitoka chumba chenye AC kuja sebuleni kwenye joto la Machi, unyevu hushika kwenye lenzi. Iache saa mbili bila diski, kisha ujaribu.

Hatua ya 6: Inaandika "Loading" haiendelei

Chomoa waya wa umeme ukutani, usizime kwa rimoti tu. Subiri dakika kumi, uwashe tena. Bado? Chomoa waya wa intaneti au uzime Wi-Fi, ingia kwenye mipangilio uzime BD-Live (huduma inayoiruhusu diski kuvuta vitu vya ziada kwenye intaneti), kisha ufute data za BD zilizohifadhiwa. Diski nyingine hutaka nafasi ya kuhifadhi vitu vyake, na deki ndogo hazina. Weka flashi tupu ya GB 1 au zaidi kwenye tundu la USB, utashangaa.

Kama diski ni mpya kuliko deki, inahitaji sasisho. Blu-ray hufungwa kwa funguo za siri zinazobadilishwa mara kwa mara, na deki ya zamani haizijui mpya. Pakua sasisho kwenye tovuti ya mtengenezaji, lilingane na namba kamili ya modeli pamoja na herufi za mwisho, ulitie kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Kabla hujabonyeza, angalia uniti za LUKU. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, deki inaweza isiwake tena.

Hatua ya 7: Skrini nyeusi

Zima vyote. Badilisha waya wa HDMI kwanza, ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote. Washa TV, chagua tundu lake, ndipo uwashe deki, ili viwili hivyo vitambuane. Jaribu matundu mengine. Picha ya 4K ikiwa inameta au kukatika kila baada ya muda, tafuta waya wenye maandishi "Premium High Speed", mfupi kadiri inavyowezekana. Deki ya zamani yenye tundu la njano inakupa njia rahisi: chomeka AV, picha itokee, ingia kwenye menyu ushushe HDMI hadi 1080 au chini.

Hatua ya 8: Picha ipo, sauti hakuna

Ingia kwenye mipangilio ya sauti, mahali palipoandikwa "Bitstream" weka "PCM". Hilo peke yake linamaliza kesi nyingi, kwa sababu TV nyingi hazielewi sauti za DTS (aina mojawapo ya sauti za filamu) zinazotoka zikiwa ghafi. Kama unatumia sabufa na deki haina matundu mekundu na meupe, toa sauti kwenye tundu la hedifoni la TV.

Ipo kesi nyingine inayosumbua watu sana. Filamu ya kunakili inacheza vizuri, ikifika kama dakika ya ishirini sauti inazimika na ujumbe unatokea wenye neno "Cinavia". Deki yako ni nzima kabisa. Ndani ya sauti ya filamu hiyo imefichwa alama ambayo sikio halisikii, na deki zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2012 huitambua. Fundi akikuambia atabadilisha kifaa fulani ili ipone, mshukuru uondoke na deki yako. Diski halisi ya filamu hiyo hiyo itacheza mpaka mwisho.

Hatua ya 9: Sasa bisibisi

Chomoa umeme, uache nusu saa, kwa maana kapasita za sehemu ya umeme hubaki na chaji. Fungua kifuniko. Usiiwashe ikiwa wazi ukachungulia lenzi: leza hiyo inaharibu jicho, na hutasikia maumivu yoyote.

Lenzi ni kijitone kinachong'aa rangi ya buluu au zambarau, kimening'inizwa kwa nyaya nyembamba kama unywele. Chovya ncha ya pamba ya masikio kwenye isopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi simu, uikamue ibaki na unyevu tu. Gusa katikati, zungusha mara moja bila kukandamiza, kisha kausha kwa pamba nyingine. Lenzi ikishuka kidogo na kurudi juu yenyewe, ni sawa. Ikibaki imelala upande, nyaya zimepinda. Petroli, manukato na spiriti ya taa visiikaribie, ni plastiki ile.

Ukiwa ndani, tazama belti ya trei. Mdomo unaofunguka kwa kusitasita mara nyingi ni mpira uliolegea kwa joto, na mpira mpya ni bei ndogo mno. Toa na mende, wanapenda joto la ubao wa umeme.

Hatua ya 10: Lenzi imekufa kweli

Umesafisha, umesasisha, CD na DVD zinacheza, na Blu-ray tatu tofauti zinakataa: hapo leza ya buluu imeisha. Usiagize kwa jina la deki, agiza kwa namba iliyochapwa kwenye mwili wa lenzi yenyewe, ipige picha. Lenzi nyingi mpya huja na kitone cha lehemu kinachokinga leza dhidi ya umeme tuli. Kitone hicho huondolewa baada ya utepe, yaani waya bapa wa lenzi, kuunganishwa, siyo kabla, na mwambie fundi wako mapema kwamba unalijua hilo. Bei ya lenzi ikivuka nusu ya bei ya deki nyingine nzima, nunua deki nyingine, na hii ya zamani iunganishe kwenye TV ya chumbani iendelee na DVD.