Piga bandi kwanza: kushikiza bati kabla ya ribiti

Mamangu alikuwa mshoni wa kanzu pale Mji wa Kale, Mombasa, na utotoni neno nililolisikia kila siku nyumbani ni bandi. Kitambaa hakikuingia chini ya sindano ya cherehani kabla hajakishikiza kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kuachana, kola hapa, bega pale. Mwenye kanzu akija humvisha, humzungusha, akatazama mabega yamekaaje. Pakivuta, hukata uzi ule, akasogeza kitambaa upana wa ukucha, akashikiza tena. Kisha ndiyo akashona.

Mimi sikushika sindano. Mwaka huu natimiza miaka 19 nikiunda bodi za malori na matatu kwenye karakana moja huku Changamwe. Kazi yetu ni fremu ya mabomba ya mraba ya chuma kuvikwa bati la alumini na kufungwa kwa ribiti, vile vijimsumari vinavyotiwa tunduni na kuvutwa vikafumba, visifunguke tena. Lakini neno la mamangu nimelibeba hadi humu, na vijana wanaojifunza kwetu sasa wanalijua: bati nalo hupigwa bandi.

Nililijua kwa gharama. Mwaka wangu wa tatu nilipewa ubavu wa lori la kubebea mikate. Nikaanza kona ya mbele, tundu na ribiti, tundu na ribiti, nikaenda nayo hadi nyuma. Kila nilipotoboa, bati lilisogea kidogo, kiasi cha unene wa karatasi, nami sikuona. Nilipofika mwisho, ukingo ulikuwa umepanda milimita 4 na katikati pamefura tumbo. Mwenye lori alipitisha kiganja pale kwenye tumbo, hakusema kitu, akaenda kukaa kivulini. Nilitoa ribiti 84 kwa drili, moja moja. Matundu mengi yakapanuka, ikabidi tutie ribiti kubwa zaidi, na mpaka leo nikiliona lori lile barabarani naujua ule mstari usiolingana.

Kosa halikuwa mkono mzito. Nilikuwa nafunga kabisa kitu ambacho bado kinatembea. Ribiti ikishavutwa haina majadiliano. Kuirekebisha ni kuiharibu. Kwa hiyo kati ya bati lililosimamishwa na bati lililofungwa lazima pawe na hatua ya tatu: bati limeshikwa sawasawa, halitikisiki, lakini unaweza kulifungua kwa sekunde mbili ukalisogeza.

Kifaa kizuri kuliko vyote kwa hatua hiyo nilionyeshwa na jirani mmoja wa Port Reitz, mzee aliyestaafu ufundi wa ndege. Sote tunamwita Ami. Alinitolea kopo la pini za springi, akachukua vipande viwili vya bati vyenye tundu moja moja, akavibana kwa pini moja, akanipa. "Haya, vitenganishe." Nilivuta mpaka vidole vikaniuma. Akaishika pini kwa koleo yake, ikalia tiki, vipande vikaanguka mapajani mwangu.

Pini hizo huitwa Cleco, jina lililotokana na kampuni ya Cleveland, Marekani, iliyozibuni. Mafundi wa ndege hufunika bawa zima kwa pini hizo kabla ya kupiga ribiti. Pini yenyewe ni kijibomba cha chuma, unene wa kidole, chenye springi ndani. Mbele pametokeza ulimi wa nyaya mbili zenye vindoano, na katikati yake kuna kibapa cha kuzitanua. Ukibana kwa koleo yake, ulimi husukumwa mbele ukakipita kibapa, nyaya zikakaribiana, zikapenya tunduni. Ukiachia, springi huzirudisha nyuma, kibapa kikazitanua, vindoano vikaushika upande wa pili wa bati na kuuvuta. Uzuri wake mkubwa kwa kazi yetu ni kwamba unaitia na kuitoa ukiwa upande mmoja tu. Ndani ya bomba la mraba huwezi kuingiza mkono ukashike nati, lakini pini hii haihitaji mkono wa pili.

Saizi yake husomwa kwa rangi. Ya fedha ni ya tundu la ribiti ya milimita 2.4, ya shaba nyekundu 3.2, nyeusi 4.0, na ya dhahabu 4.8. Pini za kawaida hushika jumla ya unene wa kama milimita 6, basi bati la milimita 1.5 juu ya bomba lenye ukuta wa milimita 2 linashikwa bila wasiwasi. Sisi hutumia za shaba na za dhahabu tu, na nitaeleza kwa nini mbili.

Anza na alama. Bati likishafunika fremu, bomba hulioni tena, kwa hiyo kabla ya kulipandisha weka alama ya katikati ya kila bomba juu na chini ya fremu, mahali patakapobaki wazi. Bomba letu ni la milimita 40, na ukienda nje ya mstari kwa 20 tu umetoboa hewa. Bati likiwa juu, unganisha alama kwa uzi wa chaki. Sisi huweka matundu kila milimita 60, na kutoka ukingo wa bati hadi katikati ya tundu hatupungui mara mbili ya unene wa ribiti. Kwa ribiti ya 4.8 hiyo ni milimita 10. Ukikaribia ukingo zaidi ya hapo, bati hupasuka pale pale gari likianza kutikisika.

Bati lenyewe ni la futi nane kwa nne, na mtu mmoja hawezi kulipima huku amelishika. Chini liegemeze juu ya vipande viwili vya ubao ulivyovibana kwenye fremu, juu libane kwa jiliwa mbili. Pima kwa pima maji. Jiliwa hizi ni bandi ya kwanza kabisa. Zinalishika bati kingoni, basi. Katikati bado linaelea.

Tundu la kwanza toboa katikati ya bati, si kona. Bati likiwa limeshikwa katikati, ziada yoyote huenda nje na kutokea ukingoni. Ukianza kona, ziada unaisukuma mbele yako mpaka inakosa pa kwenda, inafura. Tumia biti ya drili ya milimita 3.3 na upite bati na bomba kwa pamoja, kwa pigo moja. Matundu yaliyotobolewa mbali mbali kwa kupimwa hayakutani vizuri, hata upime namna gani. Tia pini ya shaba. Kisha nenda kushoto kwake, kulia kwake, juu, chini, ukiacha matundu matatu na kutoboa la nne, kila moja na pini yake.

Kabla ya kila tundu, bonyeza bati kwa kiganja cha kushoto na uligonge kwa kifundo cha kidole. Likikaa juu ya chuma hutoa sauti fupi kavu. Likiwa na hewa nyuma yake hutoa mlio wa debe. Ukisikia debe, usitoboe. Tafuta kilicho nyuma, na mara nyingi ni kinundu cha kuchomelea ambacho hakikupigwa tupa. Kijana wa kwetu mmoja alitoboa mara tatu juu ya kinundu kama hicho akidhani pini italivuta bati likae. Pini huvuta bati lililo karibu kukaa. Haiwezi kuondoa chuma kilicho nyuma yake.

Bati likishashikwa, weka drili chini. Hapa ndipo mamangu alipokuwa akimvisha mtu kanzu. Nenda mwisho wa gari, inama, funga jicho moja, utazame ubavu wote kwa urefu. Asubuhi mapema au alasiri jua likiwa chini, kila bonde hujionyesha. Pasipokaa, toa pini tatu nne za hapo, lisogeze bati, toboa tundu jipya kwenye nafasi iliyobaki wazi, tia pini tena. Dakika kumi. Mimi hulichukulia zoezi hili kama roho ya kazi yenyewe, na mfanyakazi anayeliruka simpi bunduki ya ribiti, hata awe na haraka ya mteja.

Ukiridhika, toboa matundu yaliyobaki kwa 3.3, kisha rudi na biti ya 4.9 upanue yote, ukibadilisha pini za shaba kwa za dhahabu kadiri unavyokwenda. Hii ndiyo sababu ya rangi mbili. Tundu dogo lililopotoka nusu milimita huweza kuokolewa linapopanuliwa, lakini kubwa likishapotoka limepotoka.

Sasa andika mshale na namba kwenye bati kwa kalamu ya wino mzito, na ulishushe. Ndiyo, lishushe lote. Wengi hawataki kusikia hili, lakini kati ya bati na bomba kumeshaingia vinyuzi vya drili, na kila tundu lina ukingo mkali unaolizuia bati kulala. Chukua biti kubwa, izungushe kwa mkono, mara moja tu kila tundu, ukingo utoke. Pangusa. Halafu ukumbuke tuko Mombasa. Alumini na chuma vikigusana pakiwa na unyevu wa chumvi, alumini huliwa, na hapa upepo wa bahari haupumziki, uwe kusi au kaskazi. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye bomba, hasa ndani ya matundu mapya, ikauke, kisha bandika utepe wa mpira au paka silikoni juu yake. Bodi isiyofanyiwa hivi, baada ya muda utaona unga mweupe pembeni mwa kila ribiti.

Rudisha bati kwa namba zake, pini za katikati kwanza. Piga ribiti kwenye matundu matupu, ukianzia katikati kwenda nje, na mwisho toa pini moja, tia ribiti, toa nyingine. Usitoe pini tano kwa mpigo.

Jambo la joto linataka neno lake. Bati la alumini la mita 2.44 likipanda nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 1.7. Chuma cha urefu huo huo hurefuka nusu ya hapo tu. Nyuzi 30 ni tofauti ya asubuhi kivulini na adhuhuri juani, hasa kipindi cha kaskazi. Kwa hiyo usitoboe asubuhi ndani ukaja kufunga saa saba nje. Matundu hayatatazamana, na ukiyalazimisha kwa bisibisi umejitengenezea tumbo. Toboa na ufunge katika hali moja. Na ukiwa na hiari, funga bati likiwa na joto kidogo, kwani likipoa hujikaza. Lililofungwa likiwa baridi hulegea kila jua linapochomoza.

Huna pini za springi? Kazi inawezekana. Mahali mikono miwili inapofika, tumia boliti ndogo za milimita 3, na vipete bapa (washa) vipana pande zote ili usilikunje bati. Spana nambari 5.5 inatosha. Palipo na bomba, tumia skrubu za bati za 3.5 kwenye tundu la 3. Skrubu hukwaruza tundu na kuacha nyuzi, lakini ukija kupanua kwa 4.9 makovu yote huondoka. Kosa ni kutumia skrubu nene sawa na ribiti, kwa sababu hapo utakuwa umeliharibu tundu la kudumu. Kila tundu la nne, kama pini.

Fremu yenyewe pia huanza kwa bandi, ila ya moto: nukta fupi za kuchomelea kwenye kona, moja mbele kisha ya mkabala wake nyuma, ndipo upime pembe kwa pembe kwa tepu. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, mraba umekaa. Visipolingana, nukta hukatwa kwa grainda upesi. Mshono kamili hutaka siku.

Vaa miwani unapotia na kutoa pini. Springi yake ina nguvu, na koleo ikiteleza pini huruka kama jiwe la manati. Na pini zilizoguswa na silikoni zipanguse kwa thina siku hiyo hiyo kabla haijakauka ndani, kisha shaba kopo lake, dhahabu kopo lake, na tone la mafuta kila ulimi.