Kuchora mapigo ya moyo kwa kopo, chelewa na masizi

Swali la kwanza darasani huwa hili: kwa nini masizi, Mwalimu, na kalamu zimejaa maduka yote ya Langoni, hapa Lamu? Kwa sababu mpigo wa kifundo cha mkono hauna ubavu wa kuburuta kalamu. Wino hung'ang'ania karatasi. Masizi hupanguka kwa kuguswa tu.

Kimografu, yaani chombo cha kuchora mwendo kwenye pipa linalozunguka, ni kazi ya Mjerumani Carl Ludwig, 1846. Yeye alichora shinikizo la damu la wanyama kwa boya lililoelea juu ya zebaki, kwenye pipa linalozunguka. Mwaka 1860 Mfaransa Marey akaleta wenzo, yaani kijiti kinachopanda na kushuka kwenye bawaba, wa kuwekwa juu ya mshipa wa mkono, bila kumkata mtu. Sisi tunaoanisha pipa la huyu na wenzo wa yule, na umeme ukikatika Lamu nzima kazi inaendelea.

Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye upana wa sentimita 10. Lisimamishe wima juu ya mhimili wa kijiti chenye unene wa sentimita 1, lizunguke bila kukwama. Zungushia mhimili uzi, upitishe kwenye gurudumu dogo ukingoni mwa meza, kisha ufunge chupa yenye mchanga kiasi inayoelea ndani ya dumu lililokatwa juu. Toboa dumu chini kwa msumari. Maji yakishuka, chupa inavuta uzi. Panua tundu kidogo kidogo hadi kopo limalize mzunguko kwa nusu dakika. Hapo karatasi inakwenda karibu sentimita 1 kila sekunde. Jaza dumu upya kila mara, maana maji yakipungua mwendo nao hupungua.

Funga kopo kwa karatasi ya kalenda inayong'aa, ulizungushe juu ya moshi wa koroboi. Fanya uani, mbali na makuti; mke wangu keshaniwekea mpaka. Rangi iwe ya kahawia. Ikiwa nyeusi tititi, umezidisha.

Wenzo ni chelewa ya ufagio, sentimita 20. Itoboe mwishoni kwa sindano ndiyo iwe bawaba, na sentimita 2 kutoka hapo gundisha kifungo cha shati kwa nta. Ncha ya mbele itie kipande cha unyoya wa kuku. Mkono ulale juu ya kikoi kilichokunjwa, kifungo kikae juu ya mshipa unaodunda, unyoya uguse masizi kwa mbali sana. Hapa usiwe na haraka: ukikandamiza, utapata mstari mnyoofu. Funga dirisha pia, kusi hutikisa chelewa.

Moyo wa mapigo 72 kwa dakika utatoa vilele vilivyoachana milimita 8 hivi. Ukibahatika utaona kijinundu kwenye mteremko: vali ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, imejifunga.

Andika jina na saa kwa pini kwenye masizi, kisha pitisha karatasi katika vanishi nyembamba ya spiriti, koroboi ikiwa imezimwa. Ianike kwa vibanio.