Yakitori ya bei kali Tokyo kwa mtu wa Nairobi: tafuta kiti kwanza, njaa baadaye

Kama unapanga safari ya Japani na umeambiwa ati lazima ule yakitori, yaani kuku wa kuchoma kwa vijiti, kwa zile sehemu kubwa, jua mapema pesa sio shida yenyewe. Ni yeni elfu kumi hadi ishirini hivi kwa mtu mmoja, yaani kwa rate za siku hizi kitu kama elfu nane na kitu ya Kenya kwenda juu. Ni nyingi kwa kuku, sikatai, lakini kuna watu Westlands wanalipa hiyo kwa meza na kelele. Shida ni kiti. Hizi sehemu ni kaunta ndogo, moto mmoja, mpishi anachoma mwenyewe usiku wote, na wateja wa Tokyo wenyewe wanapigania hizo nafasi kabla wewe hujapata hata visa. Torishiki ya Meguro, ya Yoshiteru Ikegawa, ilishapewa nyota ya Michelin na kuingia pale bila mtu wa kukushika mkono ni kazi. Bird Land ya Ginza pia ilishapata nyota, na kwa mgeni naona ndio pa kujaribu mapema.

Sasa kubuki. Angalia kama wako kwa tovuti za kubuki: Tabelog, TableCheck, Omakase ama Pocket Concierge, juu hizo unaweza tumia ukiwa hapa nyumbani bila kujua Kijapani. Sehemu nyingi hufungua nafasi za mwezi unaokuja kwa siku moja na saa moja maalum, zikiisha zimeisha, na hapa ndio watu hukosea hesabu. Tokyo iko mbele yetu saa sita. Wakisema wanafungua saa sita mchana, kwako ni saa kumi na mbili asubuhi, so kama ni siku ya kazi amka, ingia kwa akaunti, weka kadi mapema na ukae hapo kidole kikiwa tayari. Wakisema saa sita usiku kuamkia tarehe moja, kwako ni saa kumi na mbili jioni ya siku ya mwisho ya mwezi unaoisha, pengine uko kwa matatu Thika Road, na ukingoja "tarehe moja" ya kwako utapata vumbi. Ile kadi ya Visa ya M-Pesa inaweza kusaidia kwa tovuti zingine lakini mimi ningetumia kadi ya benki, maana ukifuta dakika za mwisho wanakata pesa, saa zingine yote, na hawataki hadithi.

Tafuta nafasi ya mtu mmoja ama wawili. Mkiwa sita mnasafiri pamoja gawanyikeni, hakuna mtu atafunga nusu ya kaunta kwa sababu yenu. Na kama unalala hoteli yenye konsieji, yaani mtu wa kupangia wageni mambo, waandikie imeli ukishalipa chumba, usingoje ufike, wapatie tarehe tatu tofauti na uwaambie uko sawa na saa yoyote. Kuna milango inafunguka kwa simu ya Kijapani tu.

Kwa fomu ya kubuki sema kila kitu usichokula. Waislamu hapa muwe makini: ule mchuzi wa kupaka, tare, kwa kawaida una mirin na sake, pombe za mchele, na hata ukiomba chumvi peke yake bado kuku mwenyewe hajachinjwa halali, isipokuwa sehemu iseme waziwazi. Usiache hiyo mambo ya kuulizia kwa kaunta.

Siku yenyewe fika kwa saa. Sio "niko njiani," ni kukaa chini kwa saa. Pafyumu achana nayo, watu wamelipia harufu ya moto, na usivae koti unalolipenda sana juu litarudi na moshi. Huo moshi lakini ni mdogo kuliko unavyofikiria, maana wanatumia binchotan, makaa meupe magumu ya mti wa mwaloni yanayotoka sana upande wa Wakayama, yanawaka kwa joto kali bila ndimi za moto, kwa hivyo mafuta yakidondoka ndio unasikia harufu, sio makaa.

Mara nyingi unachukua omakase, mpishi anaamua. Sehemu zingine vijiti vinakuja tu kimoja kimoja hadi wewe mwenyewe useme basi. Usiseme basi mapema ati unaogopa bili, uliza bei ukibuki na umalize hiyo stori huko.

Kuku mara nyingi ni jidori, yaani kienyeji yao, na kwa jina hilo kuna sheria za damu ya kuku na siku za kufugwa, kwa hivyo nyama ina ukakamavu, usitarajie ile laini ya broila. Kitu kitakushtua ni sasami, kipande cha ndani ya kidari, kinakuja na wasabi juu na ndani bado ni pinki. Kuku mbichi ana hatari ya kampilobakta, bakteria wa kuharisha, hata Japani, na mtu asikudanganye ati ya bei ghali haina. Ukiona huwezi, sema "yoku yaite kudasai", wataongeza moto, hakuna mtu atakuchukia.

Vingine kula bila kuuliza. Moyo, ngozi, ini lililochovywa kwa tare na kurudishwa motoni, mkia ule wa mafuta. Firigisi inakuja na chumvi tu na inalia kwa meno, na Mluhya ajue hapa haingojei mwenye boma, kila mtu anapata yake. Lakini kile cha kungojea ni chochin, kama wanacho siku hiyo: yale mayai machanga ya manjano unayokuta ukichinja kuku anayetaga, yaliyokuwa yakipiganiwa na watoto kwa supu. Kijiti kina nyama mwanzo na yai linaning'inia mwishoni, limepakwa tare, linang'aa na kutikisika. Weka yote kwa mdomo mara moja halafu uma. Ukiliuma nusu litamwagika kwa shati, na hapo ni wewe na dobi.

Usichambue nyama na vijiti vya kulia kuiweka kwa sahani. Kula kutoka kwa kijiti chenyewe, kikiwa moto, halafu tumbukiza kijiti tupu kwa kikopo kilicho mbele yako. Picha piga moja haraka, baada ya kuuliza. Wakikupa figili iliyokunwa ni ya kusafisha mdomo katikati ya vijiti, hakuna haja ya kuimaliza mara moja. Mwisho omba oyakodon ndogo, wali wenye kuku na yai juu, ama supu ya kuku, hata kama umeshiba. Bakshishi hawataki, usilazimishe.

Ukikosa kiti kabisa usinune. Nenda Yurakucho chini ya reli ama Omoide Yokocho pale Shinjuku, kaa kwa kibanda chenye moshi na watu waliotoka kazini, agiza negima (kuku na kitunguu cha majani) na tsukune (kuku wa kusaga) kwa kunyoosha kidole. Beba keshi, vibanda vingine havitaki kadi.