Eneo kipofu la OTDR: lielewe kabla hujabomoa ukuta wa mtu

Mafundi wenzangu wa Lamu, nyumba za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Humu hapachimbwi kwa kubahatisha. Fundi akisema faiba (uzi wa kioo unaopitisha mtandao kwa mwanga) imekatika ukutani, kumbe ubovu uko kwenye konekta ya sebuleni, anayeumia ni mwenye nyumba. Kosa hilo mara nyingi huzaliwa na eneo kipofu, yaani kipande cha faiba ambacho mashine ya kupimia haikioni sawasawa, na linazuilika kabisa.

OTDR, yaani mashine hiyo ya kupima faiba, hutuma palsi (mpigo mfupi) ya mwanga, kisha husikiliza mwanga hafifu unaorudi kutoka kila sehemu ya faiba. Palsi ikigonga konekta, mwanga mwingi hurudi kwa mpigo na kukilemea kipokezi. Kinapojitahidi kutulia, mwanga unaendelea kusafiri, na mita zinazopita wakati huo hazionekani sawasawa.

Maeneo haya ni ya aina mbili. La kwanza ni la tukio: ni umbali unaohitajika ili konekta ya pili ionekane kama kilele chake chenyewe kwenye grafu ya mashine. La pili ni la upotevu wa mwanga, na huwa refu zaidi: ni umbali hadi mstari wa grafu utulie, ndipo uweze kupima desibeli (kipimo cha upotevu) za kinachofuata. Kwa hiyo unaweza kuiona konekta na bado usijue inapoteza kiasi gani. Hapo ndipo wengi huteleza.

Hatua ya 1. Safisha konekta ya mashine na ya kebo, kisha zikague kwa hadubini. Vumbi la chokaa na chumvi ya baharini hukuza mwakisiko, na eneo kipofu hukua nao.

Hatua ya 2. Funga roli ya faiba ya kuanzia kati ya mashine na kebo unayopima. Konekta ya OTDR yenyewe huzaa eneo kipofu, na bila roli eneo hilo humeza nyumba nzima. Mita 150 zinatosha kwa palsi fupi. Kwa palsi ndefu chukua mita 500 hadi 1,000. Angalia rangi ya konekta pia, maana aina mbili hazichanganywi: kijani (APC) kwa kijani, buluu (UPC) kwa buluu.

Hatua ya 3. Chagua urefu wa palsi. Nanosekunde 10 huchukua kama mita 1 ya kebo, 100 huchukua mita 10, na maikrosekunde 1 mita 100. Tuseme kuna konekta kwenye boksi la nje na nyingine sebuleni, mita 6 mbele yake. Kwa nanosekunde 100 utaona kilele kimoja kipana, chenye bega kidogo upande wa kulia. Shusha hadi 10: bega linajitenga, vilele vinakuwa viwili.

Hatua ya 4. Pima kwa mawimbi mawili ya mwanga, nanomita 1310 na 1550. Upotevu ukiwa mkubwa zaidi kwenye 1550, shuku faiba iliyokunjwa sana, hasa pale inapopinda kwenye kona ya ukuta.

Maswali ya wanachama

*Assalaam aleikum mwalimu. Kwa nini basi tusitumie palsi fupi siku zote?*

Waaleikum salaam. Palsi fupi ina nguvu kidogo. Ukipima kilomita nyingi upande wa bara, mstari utazama kwenye kelele kabla ya kufika mwisho. Pima mara mbili: fupi kwa karibu, ndefu kwa mbali.

*Kaka, mteja yuko hewani. Naweza kuchomeka tu?*

Hapana, ndugu yangu. Kwa 1310 au 1550 utavuruga huduma, na mwanga wa mtandao unaweza kuharibu kipokezi cha mashine. Kwa faiba iliyo hai tumia 1625 au 1650, kwenye tundu lenye kichujio.

*Mwalimu, konekta ya mwisho nitaijuaje kama ni nzima? Grafu inaishia hapo hapo.*

Swali zuri, dada. Funga roli nyingine mwishoni, ili mashine ipate mstari wa kulinganisha baada ya konekta hiyo. Kisha rudia kipimo kutoka upande wa pili na uchukue wastani wa desibeli. Faiba mbili zisizorudisha mwanga sawa hufanya splaisi (kiungo cha kudumu kati yao) ionekane inaongeza mwanga ukipima upande mmoja na kuupoteza ukipima mwingine. Ukiona hivyo, usiikate splaisi kabla ya kupata wastani.